Limefutwa, Lakini Linaitika

Chumba cha Mashine,
Hospitali ya Wazazi na Watoto
4 Aprili

Kwa Fundi Mkuu Mstaafu,

YAH: OMBI LA NAKALA YA MAKTABA YA VIPIMO

Tafadhali rejea kichwa cha barua hapo juu. Hatujawahi kuonana. Mimi ni binti, mhitimu wa shahada ya sayansi ya kompyuta, daraja la kwanza, na tangu Januari nimekabidhiwa kiti ulichokuwa ukikalia wewe. Nasema kiti kwa maana yake halisi: mguu wake mmoja umefungwa waya, na wauguzi wananihakikishia kwamba mfungaji ni wewe. Naandika kwa karatasi kwa sababu namba yako ya simu iliyomo ofisini haipatikani, na kitu pekee kilichobaki katika jalada lako ni sanduku la posta.

Kama ukumbukavyo, kila inkubeta katika wodi ya watoto njiti ina programu yake ndani ya kompyuta kuu. Programu husoma joto na kupiga king'ora likipanda au kushuka. Zote hutegemea maktaba moja ya pamoja, faili uliloliandika wewe, lenye masahihisho ya kila kipimajoto: kile cha dirishani kinachopunguza, kile cha mlangoni kinachozidisha, na vinginevyo ambavyo hakuna mwingine aliyewahi kuvipima.

Mwezi Februari, katika zoezi la kupanga upya diski, faili la maktaba hiyo liliondolewa, kwa kuwa lilikuwa ndani ya folda ya mtumiaji asiyekuwepo tena, na tarehe yake ilikuwa ya zamani. Baada ya kuondolewa, hakuna kilichoharibika. Programu zote ziliendelea na kazi, jambo lililochukuliwa kuwa uthibitisho kwamba faili hilo halikuwa likitumika.

Wiki iliyopita programu ya inkubeta ya pembeni ilikwama, ikabidi iwashwe upya. Haikuamka. Iliandika mstari mmoja kwamba maktaba haijapatikana, ikafa. Tangu hapo muuguzi wa zamu hukaa kando ya mtoto yule akiwa na kipimajoto cha mkononi. Ameniambia, "Msomi, mashine yako imesusa. Mimi sijasusa, ila nina mikono miwili tu. Usiguse nyingine."

Programu zilizobaki bado zinapumua. Nikiiuliza kompyuta zinatumia maktaba gani, inanitajia faili lako, na kando ya jina inaandika neno moja: limefutwa. Naliona neno hilo kila asubuhi nikifungua mlango. Programu zinasoma kitabu ambacho hakipo kwenye rafu, na hazijui.

Naomba kwa heshima nakala ya maktaba hiyo, au msimbo wake, kwa njia yoyote utakayoona inafaa.

Wako mtiifu,
Mhandisi Mpya wa Mifumo


Nyumbani
12 Aprili

Wifi yangu,

Huku hatujambo. Mama anakula, miguu imepungua uvimbe, ila macho ndiyo hayo, ukungu umetanda hadi anamwita paka kwa jina la jirani. Mdogo wako naye mzima, amenituma nikusalimu kwa kuwa mwenyewe kuandika kunamchosha kuliko kubeba mizigo.

Nimepata jambo, na sina mwingine wa kumwambia.

Imekuja barua kwa jina la kaka yako. Si tangazo wala hesabu ya umeme. Barua ya mtu, yenye "tafadhali rejea" na "naomba kwa heshima", kutoka kule hospitali alikofanya kazi. Mwandishi ni binti aliyechukua nafasi yake, na anamwandikia kama mtu aliye hai, Wifi. Anamuuliza mambo. Nilikaa na ile bahasha jikoni mpaka maji yakakauka kwenye sufuria.

Kosa langu lilikuwa kuifungua karibu na Mama. Akasikia karatasi. Akauliza barua ya nani, na ulimi wangu ukasema kabla ya akili: ya mwanao, ya kazini. Akaniamuru nisome. Nikasoma. Aliposikia habari ya watoto njiti akaketi wima. Akasema watoto wa watu hao, mwambie ajibu leo leo. Na sasa kila jioni ananiuliza kama amejibu.

Wewe wajua tulivyofika hapa. Kaka yako alipofariki safarini, Mama alikuwa amelazwa kwa kiharusi, hajitambui. Daktari akasema asishtuliwe. Tukazika bila yeye. Siku ya kwanza alipoamkia nyumbani akaita majina kitandani kama desturi yake, akaanza na la mwanawe mkubwa, nami nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo niseme, mdogo wako akaitika toka chumba cha pili: "Naam, mama." Kwa sauti ya marehemu hasa. Tukatazamana. Akashusha miguu, akaenda kunawa. Tangu siku hiyo anaamini mwanawe anawahi kazini na kurudi yeye akiwa amelala, kama alivyoishi maisha yake yote, maskini.

Niambie nifanye nini. Nikimjibu binti kwamba mtu wake hayupo, jibu lake litakuja na pole, na Mama ataisikia hiyo pole.

Wifi yako


14 Aprili

Binti,

Barua imefika. Nimeisoma mara mbili.

Umeandika liliondolewa, baada ya kuondolewa. Hapa kwetu kitu hakiondoki bila mkono.

Nitatafuta kwenye makabati. Simu zinanichosha masikio, kwa hiyo tuandikiane. Usizime chochote. Msalimie huyo muuguzi, mpe pole.

Fundi


Chumba cha Mashine
22 Aprili

Mpendwa Fundi,

Sijui nieleze vipi furaha niliyoipata kuona mwandiko wako. Nilimwonyesha muuguzi. Akaigeuza barua upande wa pili, kisha wa kwanza tena, akasema ndiye huyo huyo, alikuwa akiyagawa maneno kama dawa ya kikohozi.

Umenikosoa kwa haki kuhusu neno "liliondolewa". Nitalirekebisha katika taarifa rasmi.

Nimetumia siku hizi kusoma ili nisikupotezee muda. Ruhusu nieleze ninavyoelewa, unisahihishe nilipokosea. Programu haibebi kila kitu ndani yake. Mwanzoni mwake ina orodha ya majina ya maktaba inazozihitaji. Inapowashwa, mfumo endeshi hauiruhusu itende lolote kwanza. Hutangulia kipakiaji, ambacho husoma majina hayo na kuyatafuta mahali kwa mahali, kwa mpangilio uliowekwa, na cha kwanza kinachojibu kwa jina hilo ndicho kinachochukuliwa, hata kama si chenyewe. Kila maktaba iliyopatikana huwekwa katika kumbukumbu, na programu nyingine ikiihitaji, hupewa hiyo hiyo, zikaitumia pamoja. Majina yote yakishapatikana ndipo programu inapoanza kuishi. Likikosekana moja, inafia hapo hapo kabla ya kuanza kazi.

Ndiyo maana programu zilizoamka kabla ya Februari zinaendelea. Ziliita, zikajibiwa, na hazitaita tena mpaka zizimwe.

Hapo ndipo penye hofu yangu, Fundi. Mafundi umeme wamekagua swichi kuu ya jengo, wakakuta inaungua taratibu kwa ndani. Lazima ibadilishwe tarehe 25 Mei, na betri za chumba hiki hazitaweza kuibeba kompyuta kwa muda wote huo. Umeme ukirudi, programu zote zitaita jina la maktaba yako kwa pamoja, na hakuna kitakachojibu. Wodi nzima itakuwa kama inkubeta ya pembeni, na muuguzi ni yule yule mmoja. Nimezipekua nakala za akiba. Hutengenezwa kila usiku kwa kunakili yaliyopo diskini, na za zamani huandikwa juu. Faili lilipotoka, nazo zikaliacha.

Naweza kuandika maktaba mpya, lakini siwezi kubuni masahihisho. Muuguzi anasema ulikesha wodini ukipima kitanda kimoja baada ya kingine kwa vipimajoto vya zebaki. Watoto waliopo sasa hawawezi kutolewa humo ili mimi nijifunze.

Kama umelificha jibu makusudi ili kupima uvumilivu wangu, nakuomba mtihani uishie hapa.

Mwanafunzi wako,
Mhandisi


29 Aprili

Wifi,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, nikaketi.

Sikiliza. Tulikubaliana wote, na mimi nilikuwa wa kwanza kusema Mama asiambiwe, kwa hiyo sitakutupia mzigo peke yako. Lakini kumdanganya mama mgonjwa ni jambo moja, na kumdanganya mtoto wa watu anayelinda vichanga ni jingine. Mdogo wetu amenidokeza kwamba umemjibu. Kwa jina la kaka? Wifi, wewe uliyekuwa huwezi kudanganya hata bei ya kitambaa.

Tafuta hicho anachokitaka. Kipo, mpe, kimya kimya. Hakipo, mwambie ukweli kabla hujawa na watoto wa watu wa kuwalilia.

Na kuhusu Mama, kuna jambo sijawahi kukuambia. Nilipokuja mwezi ule nililala chumba chake. Asubuhi akaita, mdogo wetu akaitika ile sauti, nami nikaketi kitandani nikimsubiri kaka aingie. Nilisubiri kweli, Wifi. Sijalala tena nyumba hiyo kwa sababu ya sauti ile.

Wifi yako


3 Mei

Binti,

Nimetafuta. Makabati yote mawili, na masanduku ya chini ya kitanda. Kompyuta ya zamani imeingia unyevu. Fundi wa mtaani ameifungua, akaipulizia, akaifunga, akasema poleni. Zipo karatasi nyingi za namba bila maelezo. Ninazitia humu, labda utaziona zina maana.

Ulivyoeleza kuhusu majina ndivyo. Niliwahi kulieleza hivi nyumbani: mashine hizi zinaamka kama Mama. Mama yangu ana desturi tangu tukiwa wadogo. Akifumbua macho hashushi miguu kitandani. Huita kwanza majina ya watu wa nyumba, mmoja mmoja, kuanzia mkubwa, na kila mmoja lazima aitike alipo. Asiyeitika anatafutwa. Siku moja mkubwa alikuwa juu ya paa akitengeneza antena, hakusikia, na Mama alikaa kitandani mpaka jua kali, hakunywa chai wala hakujibu salamu. Wote walipoitika ndipo siku ikaanza. Alikuwa akisema hakuna mtu anayeamka peke yake, anaamka na anaowategemea.

Nisamehe mstari nilioukatakata hapo juu mpaka hausomeki.

Umri unanipokonya mambo. Nipe muda kidogo.

Fundi


Chumba cha Mashine
10 Mei

Mpendwa Fundi,

Nimezisoma karatasi zako kwa siku tatu mfululizo. Ni vipimo vya inkubeta ambazo hospitali ilikwisha kuzitupa. Za sasa hazimo.

Nakiri kwamba barua yako ilinitia baridi. Nilipoisoma mara ya kwanza nilicheka, kwa kuwa mfano wa mama yako unashinda ufafanuzi wote niliofundishwa darasani. Niliporudia nikaona umeandika "mkubwa alikuwa juu ya paa", kana kwamba si wewe. Muuguzi amesema wazee hujizungumzia hivyo. Sina hakika.

Muda umekuwa mfupi. Mkuu wa kitengo ameamua kwamba njia iliyobaki ni wewe kuja mwenyewe, upime pamoja nami, hata ikibidi kukesha. Gari la hospitali litafika nyumbani kwako tarehe 21 Mei asubuhi. Dereva ni mtu uliyewahi kufanya kazi naye, na bado anaikumbuka nyumba yako. Alipoambiwa anakuja kukuchukua wewe, alipangusa gari siku hiyo hiyo.

Huhitaji kujiandaa na lolote. Tunahitaji uwepo wako tu.

Mwanafunzi wako,
Mhandisi


Nyumbani
14 Mei

Mwanangu,

Gari lisije.

Anayekuandikia si Fundi. Fundi alikuwa mume wangu, na alifariki miaka miwili iliyopita, baada ya kustaafu hapo kwenu, akiwa kwenye kibarua mbali na nyumbani, kwa moyo. Barua zote ulizopokea ni mkono wangu. Mwandiko wetu ulifanana kwa sababu ndiye aliyenifundisha kuandika haraka, nilipokuwa nikimwandikia ripoti zake yeye akizisema huku akitembea chumbani. Mfano wa Mama ni wake. Maneno mengine yote ni ya mtu anayeogopa.

Sikukudanganya kwa kukudharau. Mama mkwe hajui kama mwanawe amekufa. Lile jina la kwanza analoliita asubuhi, anaitika shemeji yangu. Ulipoandika kwamba cha kwanza kinachojibu kwa jina ndicho kinachochukuliwa, hata kama si chenyewe, nilifunga barua nikatoka nje. Nilidhani kuna mtu amekuambia habari za nyumba yetu.

Nilijiambia nitalipata faili lako, nilitume, na Fundi angekuwa amefanya kazi yake ya mwisho bila mtu yeyote kuumia. Kila barua yako ilipokuja nilivaa jina lake, nikakaa mezani kwake, na kwa muda wa karatasi moja alikuwepo. Nawe kule ulikuwa ukihesabu siku. Hilo ndilo linalonila. Nilikuwa najitafutia mume kwa muda wa watoto wa watu.

Sina cha kukupa. Nimetafuta kila mahali pake, mwanangu, na nikuambie nilichojifunza: hayupo kwenye vitu vyake. Makabati yana mashati. Kama ungetaka kumjua leo alivyokuwa akicheka, au alivyokunja paji akihesabu, usingepekua chumba chake, kimefagiwa siku nyingi. Ungekaa na Mama akiwa macho, umuulize. Yeye anaye mzima, bila hata unywele kupungua, kwa sababu hakuna aliyemwambia amwachie. Siku atakapolala usingizi mkubwa ndipo mume wangu atakapokwisha kweli.

Mwambie mkuu wako ukweli. Mwambie na huyo muuguzi aombe wenzake wa kumsaidia. Nami nitamwambia Mama. Bado sijui kwa maneno gani.

Mke wa Fundi


Chumba cha Mashine
19 Mei

Mama,

Pole. Naliandika neno hilo sasa kwa kuwa umesema utamwambia mama mkwe wako. Kama hujamwambia, barua hii usiifungue karibu naye.

Nilikasirika, sitaficha. Nilitembea korido ile ya wodi hadi muuguzi akaniuliza kama naipima kwa hatua. Nikampa barua yako. Aliisoma, akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Kumbe tumekuwa tukimsumbua marehemu." Akarudi kwa mtoto wake.

Kuna neno ninalodaiwa tangu Aprili. Faili halikuondolewa. Nililifuta mimi. Niliona jina la mtu asiyekuwepo, nikaona kila kitu kinaendelea, nikahitimisha kwamba hakuna anayemhitaji.

Usiku nilisoma tena mstari wako mmoja: usingepekua chumba chake, ungekaa na Mama akiwa macho, umuulize. Nikasimama. Mimi nimepekua diski, nakala za akiba, makabati ya hapa, na ya kwako kwa mkono wako, lakini programu zenyewe zinazoendelea sikuziuliza. Nilikuwa nikiliona neno "limefutwa" kama tangazo la msiba, nikageuza uso. Sasa nimesoma maana yake. Kufuta faili ni kulibandua jina kwenye rafu tu. Maadamu kuna programu hata moja iliyolishika, mfumo endeshi haugusi kilichomo. Kipo chote. Na mfumo huo huo unaiwekea kila programu hai mlango wa pembeni, ambao mwenye ruhusa anaweza kuupitia na kunakili kile programu ilichokishika, bila kuiamsha wala kuizima.

Nimeingia kupitia programu ya inkubeta ya dirishani. Nimenakili. Nimeiweka maktaba mahali ilipokuwa, kwa jina lake, nikaiwasha programu ya inkubeta ya pembeni. Iliita majina. Ilisimama kidogo. Ikaendelea. Muuguzi akaweka kipimajoto chake kando ya namba za kwenye kioo, akalinganisha, akaweka tena. Hatimaye akavuta kiti chake, kile alichokalia tangu Machi, akakirudisha ukutani.

Gari halitakuja.

Mhandisi


Chumba cha Mashine
27 Mei

Mama,

Umeme ulizimwa na umerudi. Nataka ulijue hilo kwanza.

Kwa muda swichi ilipokuwa ikibadilishwa, chumba hiki kilikuwa kimya kwa namna ambayo sijawahi kuisikia. Sikujua kwamba mashine zina sauti mpaka ziliponyamaza. Wodini wauguzi wa zamu zote walikuja hata wasioitwa, kila mmoja na kitanda chake na kipimajoto chake. Nilikaa gizani nikiwaza kwamba sasa hakuna tena programu iliyomshika mumeo. Zote zimemwachia. Amebaki kwenye ile nakala peke yake, na nakala niliifanya mimi, mimi niliyemfuta.

Umeme uliporudi ziliita moja baada ya nyingine. Zote zimeitikiwa. Namba za joto zilianza kutoka kitanda cha dirishani, kikafuata cha mlangoni. Hakuna mtoto aliyepoa.

Lipo jambo dogo ambalo halinipi amani. Neno "limefutwa" limeondoka. Badala yake, kompyuta ikiulizwa mwenye faili ni nani, inataja jina langu, kwa kuwa mkono ulionakili ni wangu. Niliomba jina la Fundi lirudishwe kama mtumiaji. Mkuu akanijibu kwa upole kwamba mfumo hauwezi kuwa na mtumiaji asiyeweza kuingia. Kwa hiyo kila programu ikiamka, inamwita yeye, inajibiwa naye, na karatasi zinasema ni mimi. Nimeandika ndani ya taarifa rasmi nani aliyepima vitanda hivyo, na nani aliyelifuta faili. Sijui nani ataisoma.

Umemwambia?

Mhandisi


Nyumbani
4 Juni

Mwanangu,

Nilimwambia siku barua yako ya tarehe 19 ilipofika, baada ya kuisoma. Nilisubiri anywe chai. Nikamshika mkono, nikamwambia mwanao alikufa safarini ulipokuwa umelazwa, tulimzika, tukaogopa. Nilidhani atapiga kelele. Aliniuliza amezikwa wapi, na kama aliyemwosha alikuwa mtu anayemjua. Kisha akaniagiza nimwite shemeji yangu. Akamshika uso, akaupapasa wote, paji, pua, kidevu, kama anayetafuta mahali palipounganishwa.

"Ni wewe uliyekuwa ukiniitikia?"

"Ni mimi, mama."

"Tangu lini?"

Shemeji akauinamisha uso ndani ya viganja vile. Mama akamwachia uso, akajifunika shuka hadi kichwani.

Wifi alikuja usiku huo huo, akalala chumba kile alichokuwa amekikimbia. Mama hakuamka siku iliyofuata. Namaanisha hakutoka kitandani. Hakuita jina lolote. Nyumba iliamka bila kuitwa, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua aanze na nini. Nilichemsha chai mara mbili. Shemeji alivaa viatu akavivua. Siku ya pili vivyo hivyo. Wifi akaninong'oneza kwamba tumemuua.

Siku ya tatu, kabla jua halijaingia dirishani, nilimsikia akivuta pumzi kama afanyavyo. Nikajua ataita. Nikadhani ataanzia kwa shemeji sasa, kwa kuwa ndiye mwanawe aliyebaki nyumbani.

Akaliita lake. La mume wangu, lote, kwa sauti ile ile.

Shemeji alikuwa nami mlangoni pa Mama. Alifungua mdomo, akauziba kwa kiganja. Wifi alikuwa amefumba macho. Hakuna aliyeitika. Mama hakuita mara ya pili, wala hakulia. Alisubiri tu, kiasi cha muda ambao mtu angehitaji kuweka kikombe mezani na kusema naam. Ukimya ule ulijaa nyumba nzima, mwanangu, nami nakuapia nilisikia kikombe.

Kisha akamwita shemeji, akaitika kwa sauti yake mwenyewe, ambayo nilikuwa nimeisahau. Akamwita Wifi. Akaniita mimi.

Akashusha miguu.

Anafanya hivyo kila asubuhi sasa. Analiita, anamwachia nafasi yake, anaendelea.

Mke wa Fundi